Nyimbo za Flashi: Jinsi Muziki Ulivyouzwa Lindi na Kawangware

Kabla ya intaneti ya bei nafuu kufika Nairobi, mkazi wa Lindi aliyeutaka wimbo alikuwa na njia tatu. Aliweza kuuvizia redioni, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kunasia. Aliweza kupanda matatu hadi mjini, atafute duka River Road, anunue kaseti halali kwa pesa ambazo nyumbani zingenunua unga wa siku kadhaa. Au aliweza kuja kwenye kibanda chetu. Wengi walikuja kwetu. Kwa miaka mingi kibanda kile, pamoja na vingine mfano wake vilivyotapakaa Kibera na Kawangware, ndicho kilichokuwa duka la muziki la mtu wa kipato kidogo katika jiji hili.

Habari ya kunakili muziki nchini Kenya husimuliwa zaidi mahakamani na kwenye semina za hotelini, na huko sisi tunaitwa maharamia. Naandika kumbukumbu hizi ili upande wa kibanda nao usikike. Asiyejua jinsi nyimbo zilivyomfikia mwananchi hawezi kujua kwa nini mwanamuziki wetu hajalipwa inavyostahili mpaka leo.

Lindi ni mojawapo ya vijiji vya Kibera, kama Makina, Mashimoni, Laini Saba na Gatwekera. Wanubi, Waluo, Waluhya, Wakamba na Wakisii wanaishi humo ukuta kwa ukuta, na mabati hayazuii sauti. Nilipokuwa mtoto, miaka ya tisini, ukitumwa maji ulipita kwenye taarab, kwenye benga ya Shirati Jazz, kwenye rumba ya Kongo, kwenye reggae ya Lucky Dube, hata kwenye Jim Reeves, kabla hujaufikia mtungi wa kwanza kwenye foleni. Watu waliujua muziki na waliupenda. Kitu walichokosa ni pesa ya kuununua kwa bei ya dukani.

Kunakili tulikuanza kwa kaseti. Redio yenye deki mbili ilikuwa mali katika ploti nzima: huku unaweka kaseti yenye wimbo, huku unaweka kaseti tupu, unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Kaseti za dukani zilikuja zimevunjwa vijipande viwili vya plastiki mgongoni ili mtu asiweze kunasa juu yake. Sisi tuliziba matundu yale kwa karatasi iliyokunjwa au selotepu, na mahubiri ya kongamano yakageuka benga. Lakini kaseti ilikuwa na mpaka wake. Nakala ya nakala ilipoteza sauti. Besi ilivimba, gita likazama, na kufikia nakala ya nne au ya tano ulisikia mvumo zaidi ya wimbo. Udhaifu huo ndio uliomlinda mwanamuziki, hata pale sheria haikumlinda. Aliyetaka sauti safi alirudi kwa mwenye mali.

Tena mwenye mali hakuwa lazima mwanamuziki. Nairobi ilikuwa mji mkuu wa santuri Afrika Mashariki. Kuanzia miaka ya sitini wanamuziki walitoka Tanganyika, Uganda na Kongo kuja kurekodi hapa, na kampuni za kigeni kama Polygram na CBS zilikuwa na matawi yake mjini. Wengi waliingia studio, wakapewa pesa taslimu mara moja, wakatoka. Wimbo wa "Malaika", aliourekodi Fadhili William, uliimbwa dunia nzima huku watu wakibishana mpaka leo kuhusu mtunzi wake halisi na aliyestahili kulipwa. Ugomvi wa jasho la mwanamuziki ulikuwa wa siku nyingi kabla yetu. Sisi tuliukuta, na mashine zetu zikaukuza.

Nilimaliza shule mwanzoni mwa miaka ya 2000, nikaenda kumsaidia binamu yangu ambaye alikuwa amefungua kibanda cha mabati upande wa Lindi. Alikuwa na kompyuta ya mtumba, spika mbili, stima ya sambaza, ile ya kuunganishwa kienyeji, iliyokatika kila jioni, na kifaa kimoja kilichobadilisha kila kitu: deki ya kuchoma CD. CD tupu tulizinunua Luthuli Avenue kwa bunda. Kuchoma moja kulichukua dakika chache, na hapo ndipo mpaka wa kaseti ulipovunjika. Nakala ya mia ilikuwa sawasawa na ya kwanza. Hakuna sikio lililoweza kutofautisha ya River Road na ya Lindi.

Halafu ikaja MP3. CD ya kawaida ya muziki ilibeba dakika 80, yaani albamu moja na nafasi kidogo. Wimbo uliogeuzwa MP3 ulikuwa na uzito wa megabaiti nne hivi, na CD moja ina megabaiti 700. Kwa hiyo diski ile ile ilibeba nyimbo zaidi ya 150. Mteja alilipa shilingi 50, akaenda nyumbani na kazi yote ya Franco wa Kongo tuliyokuwa nayo, au reggae ya mwezi mzima. Dukani mjini albamu moja iliuzwa kwa mara kadhaa ya bei hiyo. Huko ng'ambo kampuni za Marekani zilikuwa zimeifunga Napster, mtandao wa kurushiana nyimbo, kwa amri ya mahakama mwaka 2001, na magazeti yakaandika kwamba vita vimekwisha. Lindi hatukuwahi kuwa na Napster. Intaneti ilikuwa ghali kupita kiasi. Mtandao wetu ulikuwa miguu: diski ilitoka mjini mkononi mwa mtu, ikapita Makina, ikafika kwetu, na kabla ya giza ilikuwa Gatwekera.

Nyimbo zilitufikia kwa njia nyingi. Kuna zilizonunuliwa halali mara moja zikazaa nakala bila hesabu. Kuna zilizotoka kwa madijei. Na kuna zilizoletwa na wasanii wenyewe, jambo ambalo semina hazilitaji. Vijana wa Kibera waliorekodi kwa pesa za kuungaunga walikuja na diski wakasema, "Brathe, icheze hapo nje, na uwape watu wa mathree." Walijua kwamba redio kubwa haitawafungulia mlango, na kwamba wimbo ukivuma kwenye matatu basi mwaliko wa shoo utafuata. Kwao kibanda kilikuwa kituo cha matangazo. Kwa mwanamuziki aliyekwisha kujulikana, kibanda hicho hicho kilikuwa pigo. Mambo hayo mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja, na ndiyo maana hukumu ya jumla juu ya vibanda haijawahi kuniridhisha.

Kuna waliopambana nasi waziwazi, nami nawaheshimu. Poxi Presha, aliyetuvunja mbavu na kutufikirisha kwa wimbo wake "Otonglo Time", alitumia sehemu ya miaka yake ya mwisho kupigana na uharamia wa muziki, hadi alipofariki mwaka 2005. Jina lake tulilijua kibandani kama mashabiki na kama watu waliomwogopa. Alisema jambo lililo wazi: mwanamuziki hula kwa kazi yake kama fundi mwingine yeyote.

Sheria nayo ilikuwepo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 ilianza kutumika Februari 2003, ikaunda Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Ilimlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Ilimtishia anayenakili na kuuza kwa faini ya hadi shilingi 400,000 au kifungo cha hadi miaka kumi, au vyote viwili. Ilitaka kila kaseti na kila CD inayouzwa iwe na stika ya utambulisho, ile yenye kung'aa ukiigeuza kwenye mwanga. Kwenye karatasi hakukuwa na upungufu mkubwa.

Lakini sheria ilifika Lindi kwa sura moja tu, nayo ni msako. Filimbi ya mtoto wa jirani ilipolia tulijua. Kompyuta ilifunikwa blanketi, diski zikaingia chini ya kitanda cha mama muuza mboga, mlango ukafungwa. Mara nyingine watu waliojitambulisha kama maofisa walichukua mzigo na hatukuuona tena, wala hatukupelekwa popote kujibu mashtaka. Mara nyingine walichukua pesa wakaacha mzigo. Kwa vyovyote vile, hakuna shilingi iliyotoka kwenye msako ikamfikia mwanamuziki ambaye nyimbo zake zilikuwa ndani ya diski zile.

Kuna kipengele kimoja cha sheria hiyo nilichokielewa nilipokuwa mtu mzima. Ilitambua kwamba watu watanakili kwa matumizi yao, ikaweka nafasi ya kuwafidia wanamuziki kwa tozo kwenye kanda tupu na vifaa vya kunasia. Fikiria kiasi cha CD tupu kilichopita Luthuli Avenue miaka ile. Sisi tulinunua kila wiki, na hakuna muuzaji aliyewahi kututajia tozo ya namna hiyo. Mlango wa kukusanyia pesa ulikuwa mmoja, kwenye barabara moja inayojulikana, kwa wauzaji wenye maduka na leseni. Badala ya kusimama pale, nguvu zilitumika kukimbizana na vijana vichochoroni.

Uchaguzi wa Desemba 2007 ulivuruga kila kitu. Katika ghasia zilizofuata soko la Toi liliteketea, reli inayopita Kibera ikang'olewa, na kibanda chetu kikavunjwa. Kompyuta ilikwenda. Binamu yangu aliokoa diski ya ndani aliyokuwa ameichomoa na kuifunga kwenye kitambaa, na kwa diski hiyo tukahamia Kawangware kwa shangazi yetu. Huko nako kulikuwa na moto na kilio siku zile, lakini tulipata chumba cha kukodi karibu na steji ya 46, kati ya kinyozi na muuza chipsi. Ndani ya diski ile mlikuwa na muziki wa jamii zote zilizokuwa zikikatana mapanga nje. Wateja wa kwanza waliporudi, Mluhya aliomba benga ya Kijaluo, na Mkikuyu akaomba rumba ya Les Wanyika, bendi ya Watanzania na Wakenya. Sikuwahi kuona kabila likikataa wimbo kwa sababu ya lugha yake.

Kawangware biashara ilibadilika umbo. Simu za Kichina zilikuwa zimeenea: laini mbili, spika yenye kelele, na mahali pa kutia memori kadi. Kadi ya gigabaiti moja ilibeba nyimbo 250 hivi. Mteja hakuchagua tena wimbo kwa wimbo, alisema, "Nijazie." Tuliweka mafolda: Gospo, Reggae, Lingala, Mulembe, Ohangla, Zilipendwa. Makondakta walileta flashi kila wiki kuchukua mixi mpya. Kadiri bei ya simu ilivyoshuka ndivyo watu walivyorushiana nyimbo wenyewe kwa Bluetooth kwenye foleni ya choo au kanisani kabla ya ibada, bila kutupa hata shilingi. Mwaka 2009 waya wa intaneti wa SEACOM ulifika Mombasa kupitia baharini, saiba zikapata kasi, na wimbo uliotoka asubuhi ukawa Kawangware mchana.

Mwisho wa Septemba 2012, simu bandia zilizimwa kote nchini kwa amri ya tume ya mawasiliano. Wateja walikuja na simu zilizokufa usiku mmoja, wakitaka jambo moja: nyimbo zitolewe kwenye kadi. Serikali iliweza kuzima simu nyingi mno kwa amri moja kwa sababu kila simu halali ilikuwa na namba yake. Wimbo haukuwa na namba. Mara nyingi haukuwa hata na jina.

Hilo nililiona kwa macho yangu siku mzee mmoja alipoingia kibandani. Alikuwa amepiga gita katika bendi za benga miaka ya sabini, na sasa alikuwa akiishi Gatina, hapo Kawangware, kwa mtoto wake. Alisikia gita lake likitoka kwenye spika yetu. Alisimama, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Vijana, huyu ni nani?" Nilitazama kwenye kompyuta. Faili liliandikwa Track 07. Lilikuwa limepita mikononi mwa watu wengi kiasi kwamba jina la wimbo, la bendi na la mtunzi yote yalikuwa yameng'oka. Mzee hakuomba pesa kwanza. Alisema, "Andika jina." Tuliandika mbele yake, herufi kwa herufi, majina ya wenzake wote, na wengine walikuwa marehemu. Sheria yetu inaitambua haki hiyo, haki ya mtunzi kutajwa kuwa ndiye mwenye kazi, na hata anapouza haki nyingine hiyo hubaki kwake. Kati ya haki zote zilizovunjwa vibandani, hiyo ndiyo niliyoona ikimuuma mtu zaidi.

Baada ya siku hiyo alikuja mara kwa mara siku za Jumamosi. Tulimchomea CD ya nyimbo zake, tukaichapia kava, naye akakaa nje kwenye kiti akiiuza kwa shilingi 100, pesa yote ikiwa yake. Ndani tulikuwa na nyimbo hizo hizo kwa nusu ya bei. Watu walinunua kwake. Walimpa mkono, wakamwita mzee wetu, wakauliza habari za wenzake. Watu wa Kawangware, ambao husemwa kwamba hawataki kulipia muziki, walilipa zaidi walipojua pesa inaingia mfuko wa nani.

Jambo hilo hilo nililiona kwenye Skiza ya Safaricom. Mtu aliyekataa kununua albamu alikubali kukatwa shilingi chache za simu ili anayempigia asikie wimbo kwa sekunde kadhaa. Bei ilikuwa ya mfuko wake na kulipa hakukuhitaji safari. Ila wasanii walilalamika kwa miaka kwamba fungu kubwa linaishia kwa kampuni ya simu na watu wa kati. Ilibidi Bunge libadilishe sheria mwaka 2019 ili mwenye wimbo apate asilimia 52 au zaidi ya mapato ya miito hiyo.

Mwaka huo huo, wanachama wa vyama vya kukusanya mirabaha walitangaziwa mgao wa chini wa shilingi 2,530 kila mmoja. Nilikuwa kwa kinyozi jirani habari ilipotoka. Ukutani kwake palikuwa na leseni ya kucheza muziki, aliyoilipia. Chama cha Hakimiliki ya Muziki, MCSK, kilikuwapo tangu 1983, na mawakala wa mirabaha tuliwajua: walipita kwa vinyozi, hotelini na kwenye matatu. Kinyozi aliuliza swali moja ambalo hakuna aliyemjibu: "Pesa yangu ilienda kwa wimbo gani?" Hakuna aliyewahi kumuuliza anacheza nyimbo zipi. Pesa iliyokusanywa bila kuhesabu nyimbo haiwezi kugawanywa kwa haki, hata wagawaji wawe malaika.

Kibanda chetu hakikufungwa na msako wala stika. Kilifungwa na bando. Mtu akipata megabaiti za bei ya chini na simu yenye YouTube, hana haja ya folda zangu. Mdundo, huduma ya muziki iliyoanzia hapa hapa Nairobi, iliwapa watu nyimbo za kupakua kihalali bila malipo zikiwa na matangazo, na mwaka 2020 hisa zake zikaanza kuuzwa soko la Copenhagen. Spotify ilifungua Kenya Februari 2021. Binamu yangu sasa anauza chaja na kava za simu mahali pale pale. Kilichotushinda sisi ni njia rahisi na bei nafuu, vitu ambavyo tasnia ingeweza kuwapa watu wa Lindi tangu siku za kaseti kama ingewahesabu kuwa wateja.

Lakini kufa kwa vibanda hakujamlipa mzee wa Gatina. Benga zake zimo YouTube, zimepandishwa na mtu asiyemjua, matangazo yanapita juu yake na pesa inakwenda kwa mwenye akaunti. Haki za kisheria anazo zote: Katiba ya 2010, katika kifungu cha 40, inaiagiza serikali iunge mkono na kulinda mali ya ubunifu ya watu wa Kenya. Asichokuwa nacho ni mtu wa kumwandikishia nyimbo zake, kumtafutia rekodi zake za zamani na kumdaia.

Kwa hiyo nawaomba wanaokusanya mirabaha leo jambo moja linalowezekana: wachapishe kila mwaka orodha ya nyimbo zilizochezwa, zimechezwa wapi, na kila wimbo umelipwa kiasi gani, na kinyozi wa Kawangware aweze kuisoma. Nawaomba vijana wanaojua kompyuta waketi na wazee wa muziki walio hai, Kibera, Kawangware na kwingine, waandike majina ya waliopiga na waliotunga, kisha wawasaidie kujisajili. Nawe msomaji, kama kuna mwanamuziki mtaani kwenu ambaye nyimbo zake ziko kwenye simu yako, mtafute umlipe kwa mkono wako. Wananchi hawakukataa kulipa, ni kwamba hawakuonyeshwa mahali pesa inapomfikia mwenye wimbo.